Mashine Iliyofundishwa Kushindwa

Chaher alikuwa amegonga mihuri katika posta ya Hell-Ville, kaskazini mwa Madagaska, miaka kumi na mmoja, na kama angeendelea vile angezikwa na muhuri mkononi. Kwa hiyo mwaka 1968, lilipobandikwa tangazo kwamba chuo kikuu kinatuma mwalimu Mahajanga kufundisha kozi ya mwanzo ya akili ya mashine, miezi miwili, na kwamba mwanafunzi mmoja tu atachaguliwa kwenda mji mkuu kusoma mwaka mzima, aliomba likizo siku ile ile. Mkewe, Laïla, alimuuliza mashine ina akili gani. Alijibu kwamba hajui, lakini haiwezi kukosa kumzidi mkuu wake wa kazi.

Mwalimu alikuwa Mfaransa mwembamba aliyesema haraka utadhani anakimbizwa. Mashine hakuja nayo. Alikuja na viberiti vitupu na mfuko wa maharagwe. Watu wazima kumi na wanane, suruali zimepigwa pasi, walibanana kwenye madawati ya watoto wa shule wakitazama maendeleo ya taifa yakimwagwa mezani kama chakula cha mchana. Chaher aliona aibu kwa niaba ya wote.

Mchezo wenyewe ulikuwa hivi. Mezani kuna kokoto kumi na moja. Kila mmoja kwa zamu yake anatoa moja au mbili, na anayelazimika kutoa ya mwisho ameshindwa. Viberiti ndiyo mashine. Kila kimoja kina namba ya kokoto zilizobaki, na ndani mna maharagwe mekundu na meupe. Zamu ya mashine ikifika unatikisa kiberiti chenye namba hiyo, unachomoa haragwe bila kutazama: jekundu, toa moja, jeupe, toa mbili. Mashine ikishindwa, maharagwe iliyoyatumia yanatupwa. Ikishinda, yanaongezwa mengine ya rangi hizo hizo. Baada ya michezo mia tatu, alisema mwalimu, viberiti vitawazidi nyote. Na ilikuwa kweli. Chaher alielewa upesi kuliko wenzake, akaacha kuvidharau viberiti. Dharau yake akaihamishia kwa mwenzi aliyepangiwa.

Huyo alikuwa Mzee Maoulida, karani wa bandarini, mtu wa Ngazidja, kisiwa kikubwa cha Komoro, kutoka kijiji kimoja na Djaanfar, marehemu baba yake Chaher. Maoulida alikuwa ameshafanya ndoa kubwa, ile ya ng'ombe na dhahabu, ambayo Mngazidja asipoifanya huhesabiwa mtoto hata akiota mvi, na mbele ya walioifanya hafungui kinywa mpaka aulizwe. Chaher hakuwa ameifanya. Kuhusu kozi, Maoulida hakuelewa hata neno moja, lakini debe tupu haliachi kuvuma, na kila asubuhi alimsaidia mwalimu kufundisha.

Mzee akawa mchezaji, Chaher akaendesha viberiti. Mchezo wa nne viberiti vilishinda.

"Nani kashinda?" Maoulida aliuliza kwa Kikomori.

"Viberiti, baba."

"Na viberiti vinatikiswa na nani?"

Chaher alikirudisha kiberiti mezani.

"Mtoto wa Djaanfar ananishinda mimi mbele ya watu," alisema Maoulida, na Wangazidja wengine watatu darasani wakageuza shingo zao kumtazama huyo mtoto, mwenye umri wa miaka thelathini na sita.

Tangu siku hiyo Chaher aligeuza kanuni. Viberiti vikishinda, aliviadhibu. Vikishindwa, aliviongezea maharagwe. Alijiambia kwamba mzee atachoka, na wiki za mwisho atavinyoosha. Hakuna mtu duniani aliyewahi kuchoka kushinda. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na wiki ya mwisho ikafika.

Siku ya mtihani mwalimu alicheza mara tano na kila mashine, na karibu zote zilimtoa jasho. Ya Chaher ilitoa kokoto mbili mwanzoni, ikashindwa. Mara tano, mbili, mbili, mbili. Mwalimu alifungua kiberiti cha kumi na moja akakuta maharagwe meupe matupu.

"Hata bahati ingeshinda mara moja," alisema. "Hii imefundishwa, na aliyeifundisha anajua kazi. Bwana Chaher, niambie kwa nini, na pengine nafasi ni yako."

Jibu lilikuwa sentensi moja. Chaher alikuwa nayo ulimini, kwa Kifaransa safi. Maoulida akakohoa.

"Mwambie, mwanangu. Mimi nimewahi kushindwa?"

"Hapana, baba," alisema Chaher. "Hujawahi." Kisha akamgeukia mwalimu, akasema alichanganya rangi kwa uzembe.

Mwalimu alifunga kiberiti. Nafasi ilikwenda kwa Ansoifa, mwalimu wa shule ya msingi, aliyecheza na mtu wa nyanda za juu asiyejua wala kujali nani kaoa kwa ng'ombe wangapi.

Nje ya darasa Maoulida alimshika Chaher bega, mbele ya wale Wangazidja watatu, akatangaza kwamba huyu kijana amelelewa. Wote watatu wakampa mkono. Chaher aliwashukuru mmoja mmoja. Alikuwa amejiandaa kuwadharau maisha yake yote, na pale juani akagundua kwamba amefurahi.