Kompyuta Ndani ya Mawese

Amuri ni fundi pikipiki hapa Ujiji, na ana ugonjwa mmoja usio na dawa: haamini kwamba kiwanda kinajua kazi yake. Kwake yeye kila injini imebaniwa mbio zake, na ni wajibu wa mwanaume kuzifungulia. Bodaboda zikitoka mikononi mwake hunguruma hata zikiwa zimesimama, na wenyewe humsifu mpaka siku zinapozimika kwenye mlima wa Mwandiga. Sasa mtu wa namna hiyo ukimpa kompyuta, unategemea nini?

Aliipata ikiwa imetumika, ya kuchezea gemu, akaichokonoa mipangilio yake mpaka ikakimbia kuliko ilivyoumbwa. Gemu lake ni la kuendesha malori kwenye nchi za theluji. Basi kwenye kioo theluji inadondoka, madereva wamejifunika makoti, na Amuri kakaa mbele yake kifua wazi, jasho linamtiririka, kwa sababu mashine yenyewe imewaka kama jiko la muuza chapati. Ikifika hapo hujizima, na lori hupotea na mzigo wake.

Hapo ndipo ufundi ulipomzidi akili. Alianza na barafu ya wauza samaki wa Kibirizi, akaipanga kwenye mifuko kuizunguka mashine. Ilipoa, ila chumba kikanuka migebuka na paka wa mtaa mzima wakahamia dirishani. Akachukua rejeta ya gari bovu, akaiunganisha kwa mipira na ndoo ya maji ya ziwa. Mpira ukachomoka, godoro likalowa. Akaja na gunia bichi la kuifunika mashine. Shadia, mkewe, alikunja vitu vyake kimya kimya na kuhamia kona nyingine, na Amuri akadhani kimya kile ni kukubali. Wapo wanaume waliopewa masikio ya kutundikia kofia tu.

Halafu akasikia kwamba huko ughaibuni kuna watu wanaozamisha kompyuta nzima ndani ya mafuta na haifi, kwa kuwa mafuta hayapitishi umeme. Mafuta gani, hakuuliza. Kigoma ukisema mafuta umesema mawese, na ndani kulikuwa na dumu zima, zawadi ya mama mkwe wake wa Simbo, aliyeyakamua kwa mikono yake. Amuri akaazima sufuria la shughuli kwa jirani yao Eufrasia, lile la pilau ya harusi, akaitumbukiza mashine, akaimiminia dumu lote. Na ajabu, ilifanya kazi! Lori lilivuka milima yote bila kuzima. Shadia aliporudi kutoka sokoni alimkuta bado anashangilia, akalitazama dumu, akalitazama sufuria, akaingia ndani kufunga begi. Jioni alikuwa Simbo kwa mama yake.

Nyumba bila Shadia ilikuwa mbaya. Amuri alikula mikate mikavu na kulala katikati ya kitanda kilichokuwa kikubwa mno. Alimpenda mke wake, hilo lisitiliwe shaka. Tatizo ni kwamba alilijua peke yake. Kwa hiyo mama mkwe alipopiga simu kwamba kesho yake anakuja na binti yake, waone kama anabaki au wanarudi wote, Amuri alilipima jambo kifundi. Kosa ni mawese. Yakirudi kwenye dumu, safi, kesi imekwisha.

Kulipokucha mvua ilikuwa imenyesha na baridi imeshuka. Mawese hayapendi baridi, kila mtu wa Kigoma analijua hilo. Sufuria zima lilikuwa limeganda, kompyuta imekwama katikati kama nyama kwenye mchuzi uliolala. Amuri akavuta, haikutoka. Akachokoa kwa mwiko, mwiko ukavunjika. Wageni wako njiani. Akachomoa umeme, maana hakuwa mwendawazimu kiasi hicho, akalikokota sufuria hadi uani, akawasha mkaa na kulibandika. Yaani mtu aliyehangaika miezi yote kuipooza mashine, sasa kaiweka motoni na anaupepea moto!

"Hodi humu!"

"Karibuni. Shikamoo, mama," alisema Amuri, kipande cha mwiko mkononi.

"Marahaba. Mwakeye, mkwe wangu," mama aliongeza salamu ya Kiha. "Naona umetupikia. Ni mboga gani?"

Kumdanganya mama mkwe ni kujitafutia laana, na isitoshe waya ulikuwa unaning'inia ukingoni mwa sufuria. "Ni kompyuta, mama."

Mama hakushtuka. Alivuta kigoda, akakaa. Shadia alibaki amesimama mlangoni na begi lake.

"Ilikuwa inaumwa?"

"Joto, mama. Ilikuwa inachemka sana."

"Ukaifanyaje?"

Tangu aanze kazi ile hakuna aliyewahi kumuuliza. Amuri akafunguka. Akaeleza barafu, rejeta na gunia, alivyokuwa akiamka kuigusa kama bado inachoma, alivyoipangusa, alivyoipepea kwa ungo. Mama alitikisa kichwa kwa huruma kila alipotaja taabu mpya.

"Umehangaika kweli, baba," alisema. "Na mwanangu alipolala na malaria mwezi ule, mwili unaungua, ulimpooza na nini?"

"Nilimnunulia dawa, mama."

"Dawa ni ya malaria. Mimi nauliza joto."

Aliyejibu ni Shadia. "Nilimwomba kitambaa cha maji. Akasema nisubiri, lori liko kwenye mteremko."

Kumbe mawese hayakuwa na kesi yoyote. Amuri aliona aibu, aibu hasa, ile ya kutaka ardhi ipasuke. Maneno ya kujitetea yalimjia mengi, na yote aliyaona ya kipumbavu.

"Sikumpooza, mama. Sikufanya kitu."

Mama akamgeukia binti yake. "Umemsikia mwenyewe. Tukae au twende?"

Shadia alilitazama sufuria. Mafuta ya mama yake yalikuwa yameanza kuwa meusi, na harufu ya plastiki ilikuwa imejaa uani. Akaliweka begi chini. Hakusema amesamehe, wala hakusema amerudi.

"Kichwa kinaniuma," alisema. "Naenda kujilaza. Lete kitambaa."

Amuri akaliacha sufuria motoni, mashine yake ndani, akakimbia kuchota maji.