Ngamia Aliyekunywa Maji ya Pilau

Asubuhi ya harusi ya dada yangu, mjomba alituletea ngamia uani kwetu Mtopanga. Alimkodi kwa kijana anayewapandisha watalii ufuoni, ili bwana harusi aje kwa mbwembwe. Bwana harusi mwenyewe ni fundi wa friji, hajapanda hata punda, lakini hakuna aliyemuuliza.

Mifereji ilikuwa imekauka mtaa mzima na wenye mikokoteni ya maji hawakuonekana. Tulikuwa na mapipa mawili madogo tu, yamefunikwa kwa sinia, ya kupikia pilau ya harusi. Mimi nilipewa kazi ya kuyalinda. Mama alisema kwa vile siongei na watu, hakuna atakayenishughulisha.

"Huyu usimhofu," mjomba aliniambia, akimpigapiga ngamia shingoni. "Mnyama wa jangwani. Maji yake kayabeba kwenye nundu." Kisha akaenda barazani na mwenye ngamia kunywa chai kwa mahamri.

Nyanya akatoka jikoni. Kwake yeye, aliyeingia uani hupewa maji kabla ya kuulizwa habari. Hata waliokuja kutukatia stima walipewa, tena kwa glasi za wageni.

"Mgeni kasimama juani na wewe wamtazama tu?"

"Nyanya, ni ngamia."

"Kwani ngamia hana koo? Litazame lilivyo refu."

Nikamtekea karai moja. Alilivuta likaisha kabla sijafunga leso yangu vizuri, kisha akanitazama. Mimi nikitazamwa husahau nilichotaka kusema, hata mtazamaji akiwa ngamia. Nilipopata akili alikuwa kashaisukuma sinia kwa pua, na kichwa chote kimo ndani ya pipa.

"Bismillahi, mwanangu," nyanya akamwambia.

Akamaliza la kwanza, akahamia la pili. Ubavu wake ulijaa tukiuona. Mpishi alisimama na mwiko mkononi kama mtu aliyefika mazikoni.

Mwenye ngamia alipokuja hakusikitika hata kidogo. "Nilikuwa nimpeleke akanywe leo, mmeniondolea safari. Akila majani mabichi hukaa wiki nzima na zaidi hajagusa maji. Ufuoni na jua lile, siku chache tu. Lakini akianza, haonji. Hujaza."

"Na nundu?" mjomba akauliza.

"Hiyo mafuta."

Mjomba akaiangalia nundu kama kwamba ndiyo iliyomdanganya. Mama akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, akasema basi, watu watatafuna mchele mkavu na dada yangu atasimuliwa mpaka wajukuu zake.

Watoto walikuwa wamepanda ukuta. Jirani mmoja akachungulia mlangoni akaniuliza kama ni kweli mnyama kamaliza pipa zima. Kumwomba maji niliona haya, naye ana shida kama yetu. Nikasema, kwa sauti ambayo mimi mwenyewe sikuisikia vizuri, "Ni kweli. Ila yetu yameisha. Anayetaka kumwona akinywa, aje na ndoo yake."

Hiyo ndiyo hotuba ndefu zaidi niliyompa mtu wa nje mwaka huu. Yeye akairudia kwa sauti iliyofika barabarani.

Wakaja. Ndoo, madumu, mtoto mmoja na birika la kutawadhia. Kila chombo nilikiweka mbele ya ngamia, naye akanusa, akageuza uso. Wallahi sikujua kwamba kashiba kiasi kile. Watu wakangoja, wakabishana, wengine wakamwimbia. Macho yote yalikuwa usoni kwake, na nyuma yangu mpishi akawa anazichukua ndoo mojamoja akizimimina kwenye sufuria, bila kumwomba mtu ruhusa.

Pilau ikaiva. Bwana harusi alifika kwa tuktuk, maana ngamia alikuwa kajilaza mlangoni na hakukubali kuinuka. Wageni wote walimruka, sheikh pia, kanzu mkononi. Wenye ndoo walikula mara mbili na dada yangu akaozwa vizuri.

Yule jirani alipokuja kuchukua ndoo yake tupu, aliinama akachungulia ndani yake, kisha akanitazama.

"Akinywa sikumwona," akasema. "Lakini pilau chumvi imekolea."