Mchungwa Uliozaa Malimau

Jumamosi nilikuwa sokoni Tala nikichagua mche wa mchungwa. Mama mmoja akaja, akaweka limau mbele ya muuza miche, polepole, kama shahidi mahakamani.

“Uliniuzia mchungwa. Nimebeba maji miaka minne. Hii ni nini?”

Muuzaji hata hakuliangalia. “Mama, mchungwa tunapandikiza juu ya shina la mlimau. Yako ilikauka juu, ikachipuka chini, sindio?”

“Ilichipuka kiangazi kile kibaya. Nikamshukuru Ngai, Mungu wetu.”

“Sasa hiyo ya chini ni mlimau. Hukatwa. Kila mtu anajua.”

“Wewe uliniambia lini?”

Muuzaji akageuka, akaanza kunyunyizia miche maji.

Jamani! Miaka minne ya mitungi mgongoni, kwa sababu ya neno moja ambalo kulisema ni bure! Mama alichukua limau lake akaondoka. Mteja aliyefuata, kijana wa suti, alinunua miche mitatu. Nikatega sikio nisikie kama yeye ataambiwa. Muuzaji akamfungia miche vizuri, akamshika mkono, akatabasamu.

“Karibu tena.”