Kiti cha Pili Mezani

Kazini wanamwita Miwani, kwa sababu alama ya miwani ya kuzamia haimtoki usoni hata siku ya mapumziko. Huu ni mwaka wa tisa anawashika mkono watalii wanaoogopa maji na kuwapeleka kwenye matumbawe. Kisiwa kizima ni mali ya hoteli: vyumba vimejengwa juu ya bahari, na sakafuni kuna kioo cha kutazamia samaki. Yeye analala nyuma ya jenereta na wenzake watano, ila zamu zao hazikutani. Anachokijua zaidi kwao ni mashuka yao.

Mara moja kwa mwaka mfanyakazi huruhusiwa kumleta ndugu mmoja, kutwa nzima, ahudumiwe kama mtalii. Miwani alimleta binti yake wa miaka kumi na minne, ambaye analelewa na shangazi yake ng'ambo, bara, tangu mama yake afariki. Shangazi alikuwa amesema waziwazi kwenye simu.

"Kaka, simlazimishi. Akirudi akasema anataka kukaa nawe mwezi wako wa likizo, namfungia begi. Akikataa, usinilaumu."

Binti aliposhuka botini, Miwani alimpa taulo baridi la kupokelea wageni kwa mikono miwili, akainama. Binti akageuka nyuma kuona ni nani anayeinamiwa.

Majini aliogelea vizuri. Aliibuka anacheka, mrija wa kupumulia umemning'inia shavuni.

"Baba! Yule samaki kanuna kama shangazi!"

Kicheko kilimpanda Miwani, akakimeza.

"Umeona vizuri sana," alisema.

Mchana waliandaliwa meza ya watu wawili. Meneja mwenyewe alikuwa amemwambia asubuhi, "Leo kaa ule na mwanao, Miwani. Kaa kabisa." Naye alikubali. Lakini alipomvutia binti kiti, miguu ilirudi nyuma hatua mbili yenyewe, mikono ikajifunga mgongoni.

"Kaa basi, baba."

"Niko sawa kabisa."

"Watu wanadhani mimi ndiye bosi wako. Unanitia aibu, bwana."

Alitaka kumuuliza kama bado anaogopa radi, na shuleni anakaa na nani. Maswali yalijaa mdomoni. Lakini hotelini mtalii haulizwi mambo ya kwao.

"Chakula kimekupendeza?" aliuliza.

Binti alikula nusu, akaweka uma chini. Kiti cha pili kilibaki kitupu mpaka meza ikafutwa.

Saa kumi walisimama gatini. Binti alikuwa anachezea mkanda wa jaketi la kuokolea.

"Likizo nitabaki kwa shangazi," alisema. "Hujanikosea kitu. Ila sijui tutakaa vipi, mimi na wewe."

Miwani alifungua mdomo.

"Hakuna tatizo hata kidogo," alisema. "Tunakushukuru kwa kututembelea."

Binti alimtazama, akangoja. Nahodha akawasha injini. Binti alipoona hakuna kinachofuata, akapanda, akakaa upande wa mbele.

Boti ilikuwa bado haijapita matumbawe pale maharusi wawili walipofika kuomba mapezi ya kuogelea. Miwani alipiga goti kwenye mbao zenye maji, akashika kisigino cha bibi harusi, akamvisha la kwanza.

"Linabana?" aliuliza bila kuinua uso. "Likibana, niambie."