Kifaru Kinachotumia Kuni

Kazi yangu ni kuongoza watalii, na Kijerumani ndicho kinachonilisha. Mwaka jana nilimleta mgeni mmoja Mjerumani nyumbani kwetu Nakwa ale chakula cha mchana. Alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, mpole, aliyeniita rafiki tangu siku ya kwanza. Mke wangu alikaanga perege wa ziwani, akasonga ugali.

Tukiwa tunakula, mgeni akatoa simu na kutuonyesha picha ya zamani: kifaru cha vita, kibovu kibovu, kimefungwa pipa kubwa nyuma, na mwanamume mwenye kofia amesimama juu yake.

"Huyu ni baba yangu," alisema.

Akasimulia, nami nikamtafsiria mke wangu. Zilikuwa wiki za mwisho za Vita Kuu ya Pili na jeshi lao lilikuwa limeishiwa kila kitu. Baba yake alikuwa akifundisha madereva wa vifaru chuoni. Wakaokoteza vifaru vya mazoezi, vinavyoendeshwa kwa gesi ya kuni zilizochomwa ndani ya pipa lile, kwa kukosa petroli, kimoja tu kikiwa na mzinga mzima. Wakapakia mafundi wa gereji na wapishi, wakaambiwa: nyinyi sasa ni kikosi, nendeni mkamzuie adui.

Mke wangu akacheka. "Kifaru cha kuni! Kumbe kama jiko langu."

Mgeni naye akacheka, akasema utamu bado. Walifika kijiji cha Wajerumani wenzao. Mwanamke mmoja alikuwa ametundika shuka jeupe dirishani, kuonyesha kwamba hapo hawataki vita tena. Baba yake akaamuru mzinga ugeuziwe nyumba ile. Kombora moja tu, ukuta wote chini.

"Kesho yake kikosi kikatawanyika," alisema, mafuta ya samaki yakimchuruzika kidevuni. "Hawakumpiga adui hata mmoja. Ile nyumba tu! Kila Krismasi tulimwomba baba atusimulie tena."

Akacheka mpaka akakohoa. Mimi nikarudisha tonge sahanini.

"Amesema nini?" mke wangu aliuliza, bado anatabasamu.

Nilimwambia yote. Tabasamu likamtoka.

"Muulize, yule mama alikuwemo ndani?"

Nikamuuliza. Mgeni akainua mabega. "Sijui. Hatukuwahi kumuuliza baba." Akanyoosha mkono kuchukua samaki mwingine.

Mke wangu alivuta sahani, akaifunika, akaipeleka jikoni. Hajawahi kumfanyia mgeni hivyo. "Mwambie chakula kimeisha," alisema kutoka huko.

Nikamwambia. Alishangaa, akashukuru kwa adabu zote, akaomba apigwe picha mezani.

Nilimrudisha hotelini, nikampigia simu mwenzangu amchukue kwa safari iliyobaki. Nilimwambia ninaumwa.

Wiki iliyofuata alinitumia ile picha, akiwa mezani petu, kijiko mkononi, anacheka. Niliifuta kabla mke wangu hajaiona.