Mwigizaji Aliyemwonea Wivu Maiti

Iko siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hadi leo masikio huniwaka moto. Ilikuwa Sydney, mwaka wa pili wa korona, baridi ya Julai imetukaba, na sisi wa upande wa Blacktown tumefungiwa ndani huku helikopta za polisi zikizunguka juu ya mapaa kuangalia nani ametoka bila sababu. Mimi sababu nilikuwa nayo. Nilifanya kazi ya kutunza wazee katika nyumba moja ya wazee, na watu wa kazi hiyo tulipewa kibali cha kupita. Usicheke nikiita siku zile ujana wangu. Arobaini nilikuwa nimeshaivuka, lakini wivu humrudisha mtu utotoni akanuna kwa ajili ya peremende.

Siku hiyo meneja alituita kwenye chumba cha chai. Tukasimama mbalimbali na barakoa zetu, akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu kiongozi wa zamu yetu atakuwa Espérance.

Nikwambie Espérance ni nani. Ni Mkongo wa Bukavu, mfupi, mcheshi, mwenye kicheko kinachomtangulia mlangoni. Alifika Australia nyuma yangu. Mimi ndiye niliyemfundisha kumgeuza mzee kitandani bila kujivunja mgongo. Kila asubuhi nilimpitia kwake kwa gari langu, tukaenda kazini tukiimba nyimbo za kanisani, yeye sauti ya juu, mimi ya chini. Jumapili alikuja kwangu na sombe yake, kisamvu cha kwao, mimi nikasonga ugali. Ndugu wa damu sikuwa naye nchi ile. Ndugu yangu alikuwa yeye. Na ile nafasi ya uongozi nilikuwa nimeiomba mimi, kila mtu akajua nimeiomba, hata watu wa nyumbani Voi nilikuwa nimeshawapigia simu kuwaambia iko mfukoni.

Basi nilihisi nini? Wivu. Siupaki rangi. Nilimwona macho yake yakicheka juu ya barakoa, nikatamani akosee jambo siku ya kwanza tu, kubwa, mbele ya watu. Wahenga walisema chanda chema huvikwa pete. Nikajiuliza, kwani changu kina nini?

Sasa angalia ujanja wa wivu, mwanangu, unavyojua kujitafutia kisingizio. Wiki hiyohiyo serikali ikatangaza kwamba watu wa nyumba tofauti wasipande gari moja. Espérance akanipigia simu.

"Dada Mghoi, sasa tutafanya je? Binamu atanipatia gari yake ya zamani. Lakini tunaweza kufika mapema, tukunywe chai pale parking, kila mtu mu gari yake, vioo wazi. Ama?"

"Sheria ni sheria, Espérance," nikamjibu, nikakata simu.

Nilijisikia mtu mwadilifu sana. Wivu wangu nilikuwa nimeuvika sare ya serikali. Tangu hapo nikaacha kupokea simu zake, na kazini nikawa simwambii ila mambo ya kazi: nani ameoga, nani amekataa uji. Nyumbani nilikula peke yangu nikitazama ukuta. Kanga moja ya mama yangu iliandikwa, "Wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda." Mimi sikukonda, nilinenepa kwa biskuti, lakini kidonda nilikuwa nacho.

Chumba cha mwisho koridoni, pale kazini, alikaa mzee mmoja wa Kiholanzi, Mzee Dirk. Mrefu kama mlingoti hata akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Alikuwa mwigizaji kwao Uholanzi, wa jukwaani na wa sinema, na alikuja Sydney baada ya kufiwa na mkewe, kumfuata binti yake wa pekee. Korona ilipokuja binti akawa anasimama nje ya dirisha, anampungia mkono kwenye baridi. Mzee alikuwa na sauti hiyo! Akiomba maji tu, unadhani mfalme anatangaza vita.

Asubuhi moja Espérance alisimama mlangoni kwake akanipa maagizo ya siku. Nikamwitikia vizuri, "Sawa, dada, hakuna shida." Alipoondoka Mzee Dirk akaniambia kwa Kiingereza chake kizito, nami nakupa kwa lugha yetu:

"Barakoa imekuficha mdomo, lakini shingo yako imesema uongo. Nimesoma shingo za watu maisha yangu yote. Yule mama amekufanyia nini?"

"Hajanifanyia kitu, mzee."

"Hapo ndipo penye maumivu," akasema. "Afadhali angekufanyia."

Nikaendelea kutandika kitanda. Lakini tangu siku hiyo akaanza kunisimulia maisha yake, kidogo kidogo, nikimnyoa, nikimvisha soksi. Alikuwa mtoto wa mwoka mikate wa mji mdogo, akatoroka biashara ya baba akaenda Amsterdam kusomea uigizaji. Chuoni alikutana na kijana aliyeitwa Kees. Walipanga chumba kimoja, wakavaa koti moja la heshima kwa zamu. Wakaingia kikundi kimoja cha maigizo, wakizunguka na basi mji hadi mji, wakipakua mapazia wenyewe, wakicheza hata kwenye kumbi zenye harufu ya jibini.

Kisha Kees akapewa wafalme, na Dirk akapewa madaktari. Kees akipendwa na binti wa mchezo, Dirk ndiye kasisi wa kuwafungisha ndoa. Kees akaingia sinema. Dirk naye akaingia, lakini kama jirani anayegonga mlango kuuliza kuna nini. Mwaka mmoja wakamletea kazi nzuri, ndugu wa shujaa katika sinema kubwa, na shujaa ni Kees. Akaikataa. Alisema koo linamuuma. Akapewa mtu mwingine, na sinema ile ikazunguka dunia nzima, na yule mtu mwingine akaitwa Amerika. Dirk akabaki na sauti ya punda katika kipindi cha watoto cha televisheni. Miaka mingi watu wazima wakamsimamisha sokoni wamwombe alie kama punda, naye akalia, maana alikuwa mtu wa adabu.

Ukutani kwake zilijaa picha za michezo. Kila picha aliyonionyesha, kidole chake kilikwenda kwa Kees kwanza. "Hapa mwanga wote uko kwake, unaona? Hapa amenikanyagia maneno yangu, ameanza yake sijamaliza." Nilingoja maisha yake, mwanangu, akanipa maisha ya mtu mwingine. Na mimi nilikuwa namsikiliza kwa raha, nikiitikia "Pole, mzee, pole sana," bila kujiona hata kidogo. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nilikuwa nikikagua nguo za jirani.

Agosti habari ikaja: Kees amekufa. Binti ndiye aliyemwambia, kwa simu, kupitia kioo cha dirisha. Mzee hakulia. Akauliza tu mazishi ni lini na yataonyeshwa mtandaoni saa ngapi.

Uholanzi wana desturi moja. Mwigizaji mkubwa akifa, jeneza lake huwekwa jukwaani, chini ya mataa, kwenye jumba lile alilochezea. Wenzake hupanda kumzungumzia. Halafu likibebwa kutoka, watu wote husimama na kupiga makofi, na hawaachi mpaka jeneza limevuka mlango. Kwao asubuhi, kwetu ilikuwa jioni, chakula kimeshaondolewa. Nikamwekea tableti kwenye meza yake ya kulia, nikasimama nyuma yake.

Ukumbi ulikuwa karibu mtupu kwa sababu ya korona. Viti vyekundu, safu kwa safu, na watu wachache waliokaa mbalimbali. Katikati ya jukwaa, jeneza la mbao nyeupe, na taa moja imeliangukia.

"Mataa mazuri," Mzee Dirk akasema. Baada ya kitambo, "Hata leo amepewa mataa mazuri."

Nikadhani anatania. Nikainama nimwone usoni. Hakuwa akitania, mwanangu. Mzee yule alikuwa akimwonea wivu maiti.

Wasemaji wakamaliza. Wabebaji wakaliinua jeneza, na wale watu wachache wakasimama wakaanza kupiga makofi. Yalisikika membamba, kama matone ya kwanza ya mvua juu ya bati. Nami nikajikuta napiga, huko Sydney, kwa mtu nisiyemjua. Mikono ya Mzee Dirk ilibaki juu ya blanketi. Nilimwona akiinyanyua kidogo, ikarudi chini. Jeneza likafika mlangoni, likatoka, picha ikazimika.

"Nilingoja afe," akasema. Sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha. "Nilijua akifa nitapumzika. Sasa amekufa, na huu wivu uko palepale. Sikuwahi kumwambia. Maisha yote, hata tukilala chumba kimoja, sikuwahi kumwambia, Kees, nakuonea wivu. Angecheka. Angeninunulia bia. Sasa nitamwambia nani?"

Nikaanza yale maneno yangu, pole, mzee, pole. Akageuza kiti kwa nguvu, na ile sauti ikarudi yote, ya wafalme ambao hakuwahi kupewa.

"Usinipe pole! Wako yuko hai. Yuko hapo koridoni anasukuma gari la dawa. Umesimama hapa kwangu unangoja nini? Nenda!"

Nilitoka mbio kama mtoto aliyefukuzwa jikoni. Lakini koridoni nikamwona Espérance, nikaogopa, nikapita. Ndivyo tulivyo. Nilimngoja zamu ilipokwisha, pale maegesho, kila mmoja ndani ya gari lake. Nikashusha kioo, nikampungia ashushe chake.

"Espérance, mimi nakuonea wivu."

Pumzi yetu ilikuwa inatoka moshi.

"Ile kazi niliitaka mimi," nikaendelea, na machozi yakaanza, ya hasira zaidi kuliko ya toba. "Mimi ndiye niliyekufundisha. Inaniuma. Nikikuona inaniuma."

"Minajua," akasema. "Vraiment, kweli kabisa, dada, minajua tangu ile siku. Nilikuwa nangoja tu useme. Siwezi kuomba mtu radhi juu ya kitu hajaniambia." Akafuta kioo cha mbele kwa mkono wa sweta. "Lakini kazi sikurudishii, eh! Hiyo usahau."

Nikacheka bila kupenda. Yeye naye akacheka, kile kicheko chake, nikagundua nilikuwa nimekikosa zaidi kuliko nilivyokikosa cheo.

Nisikudanganye kwamba wivu uliisha hapo. Jumatatu ukarudi. Mwezi uliofuata, alipoitwa kwenye mkutano wa wakubwa, ukarudi na wadogo zake. Ila sasa nilikuwa na pa kuupeleka. Nilimpigia nikamwambia, "Leo umenichoma tena," naye akasema, "Pole, leta hiyo habari, nasikia," tukaongea mengine. Mzee Dirk aliishi hadi milango ikafunguliwa na binti yake akaingia kumkumbatia. Habari za Kees hakuacha kuzisimulia.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Sikwambii usiwe na wivu. Nani aliye hai asiyekuwa nao? Usisafirie nyota ya mwenzio, ndiyo, lakini macho yako yataiangalia tu, maana inang'aa. Nakwambia usiufiche. Mficha maradhi kifo humuumbua, na maradhi haya hayangoji kifo chako, yanaweza kungoja cha mwenzako, kisha yakakaa nawe bila dawa. Usiuvishe sheria, usiuvishe dini, usiuvishe "nina shughuli nyingi." Mwendee yule yule unayemwonea wivu, siyo shoga yako wa kusengenyana naye, umwambie kwa mdomo wako angali anasikia. Utaona haya. Haya huisha.

Mungu akupe unachokitamani, mwanangu. Na kama atampa mwenzako kwanza, basi akupe wewe ulimi wa kumwambia inauma, na ampe yeye moyo wa kukusikiliza, mkiwa hai nyote wawili.