Maumivu ya Kuazima

Pale mjini, ukisema unataka kujifunza gari utaelekezwa kwa Mama Breki, na utaonywa uende umejikaza. Miaka kumi na tisa amekaa kiti cha abiria, mguu juu ya ile breki ya pili wanayofungiwa walimu, na ulimi juu ya mwanafunzi. "Unaendesha gari au unalibembeleza?" atakuuliza. Watu wazima wenye ndevu wamelia kwake. Lakini hakuna hata mmoja aliyegonga.

Alhamisi ile asubuhi mwanafunzi wake, mwalimu wa chekechea, aliingia barabara kuu bila kutazama, na lori linakuja. Mama Breki akakanyaga. Mguu ulikwenda, nguvu haikwenda. Gari lilisimama hatua moja tu kutoka kwenye lori, na aliyelisimamisha ni mwanafunzi.

"Mwalimu, vipi?"

"Nyamaza. Geuza. Nipeleke kwangu."

Kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka. Taya la kushoto lilimuuma, maumivu yakipanda hadi sikioni, na tumbo lilimchafuka kama mtu aliyekula kiporo kibaya. Wiki sita kabla ya hapo alikuwa amezibuliwa mshipa wa moyo na kuwekewa ndani kibomba kidogo cha waya ili usizibe tena. Aliogopa. Tuseme ukweli, aliogopa sana.

Sasa nyumbani kuna Profesa. Huyo ni mumewe, msoma mita za maji mstaafu, na uprofesa wenyewe aliupatia kwenye kitanda cha hospitali. Yeye alizibuliwa mshipa miaka miwili kabla ya mkewe, na tangu siku hiyo hakuna mwenye kiungulia mtaani anayekwenda hospitali kabla ya kupita kwake. Aliporudi yeye na kibomba chake, jamani! Miezi mitatu hakuinua hata birika. Dada yake alihamia kumtunza, na kila Jumanne alisindikizwa kwenye mazoezi ya wagonjwa wa moyo kama bwana harusi. Mama Breki aliporudi na cha kwake, siku ya nne aliulizwa chumvi iko wapi. Ya mazoezi aliambiwa aende akipata nafasi. Nafasi ipi, nyumba ile?

"Kifua kinabana?" Profesa akauliza, gazeti mkononi.

"Hapana. Taya. Na nimechoka, baba watoto. Nimechoka mpaka kwenye mifupa."

"Husikii kama gunia la saruji hapa katikati?"

"Si nimeshakwambia hapana?"

"Basi si moyo. Kitanda hicho nimekilalia, nawajua kunguni wake. Mimi nilisikia gunia la saruji kifuani, pumzi hazipandi hazishuki, mkono wa kushoto ganzi mpaka kidole cha mwisho. Hilo lako ni jino, na hiyo ya tumboni ni gesi. Kunywa maji ya moto."

Hakusema kwa ubaya, maana alimpenda mkewe. Ila kipimo alichokuwa nacho ni kifua chake mwenyewe, na Mama Breki alikuwa amekiamini kipimo hicho siku tatu nzima, tangu taya lianze kumuuma. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi, kwamba aliamini.

"Twende hospitali," akasema. "Ukikataa, naenda na huyu asiyeona malori."

Dirishani pa mapokezi alikaa karani mwenye miwani na haraka zake. Mama Breki akamweleza yote kama yalivyo: kibomba, taya, kichefuchefu, uchovu.

"Kifua kinauma?"

"Hapana."

"Moyo uko salama, mama. Meno ni chumba namba sita."

Profesa akaitikia kwa kichwa, kana kwamba karani alikuwa mwanafunzi wake aliyefaulu. Wakaenda wakakaa benchi la meno, watu tisa mbele yao, mmoja ameshika shavu na kitambaa. Dakika kumi. Ishirini. Jasho lilikuwa limegeuka baridi, na herufi za mlangoni zikaanza kucheza. Nife kwenye foleni ya meno, mimi? alijiuliza. Msibani watasema nini? Akamtazama mumewe anayesoma bango la namna ya kupiga mswaki, na hasira ikampa nguvu ambayo mwili ulikuwa umemnyima.

Akainuka. Akashika ukuta, akafuata ukuta, mpaka mlango wa dharura. Profesa nyuma yake anauliza, "Wapi tena?"

"Dada," Mama Breki akamwambia muuguzi wa pale mlangoni, mkono kifuani, "nasikia gunia la saruji hapa katikati. Pumzi hazipandi hazishuki. Mkono wa kushoto ganzi mpaka kidole cha mwisho."

Profesa alisikia maneno yake yakitoka kinywani mwa mkewe, moja baada ya jingine. Muuguzi akamgeukia.

"Mzee, ni kweli?"

Huyu ni mtu ambaye miaka thelathini hakuandika namba ambayo mita haikusema, hata shemeji yake alipomwomba. Alimtazama mkewe. Midomo ilikuwa imepauka kama majivu. Hapo ndipo hofu ilipomwingia.

"Ni kweli," akasema. "Fanyeni haraka!"

Kitanda cha magurudumu kikaletwa mbio. Wakampima moyo, na mashine haikuwa na habari ya gunia wala saruji. Ilionyesha tu kwamba moyo unakufa njaa. Kibomba kilikuwa kimeziba kwa damu iliyoganda. Walimzibua tena mchana ule ule, na walisema ingepita saa moja zaidi wangekuwa wanaongea mengine.

Jumamosi daktari alikuja na faili kitandani. "Imeandikwa una maumivu makali ya kifua, mama. Yalianza lini?"

"Hayakuanza. Hayo ni ya huyu." Akamwonyesha mumewe kwa kidevu. Profesa akatazama viatu vyake.

Daktari hakucheka. Akawaeleza kwamba mishipa ya moyo ya wanawake mara nyingi huwa myembamba zaidi, dalili zao huweza kuja kwa njia nyingine, na wengi waliozibuliwa hurudi wakiwa na hali mbaya kuliko wanaume, pengine kwa sababu wamechelewa. "Lakini usidanganye tena. Sema ukweli tangu dirishani."

"Niliusema dirishani, daktari. Nikapelekwa kung'olewa jino."

Daktari akaukata mstari wote wa failini kwa kalamu. "Haya, tuanze upya. Taya lilianza lini?"

"Jumatatu, naosha vyombo. Likanibana mpaka nikakaa chini, sakafuni, sahani mkononi. Nilikaa pale muda mrefu."

Profesa aliinua kichwa, macho yamejaa machozi. "Mbona hukuniita?"

"Nilikuita," mkewe akasema.